Treni ya mtoto inakwama kila jioni na reli nasugua kila juma: nakosea wapi?

"Papa Fundi, jambo yenu. Baba yangu mdogo aliniachia treni ndogo ya umeme, ile ya ukubwa wa HO, aliileta kutoka Ubelgiji mu miaka ya 80: lokomotivu mbili, mabehewa kumi na moja, transfo yake, na reli za kutosha meza ya mita 3. Binti yangu wa miaka 9 anaipenda sana. Tuko Lubumbashi, Katuba. Shida ni kwamba inakwama-kwama, taa zinazima zinawaka, tunaisukuma na kidole. Kila Jumamosi nasugua reli na msasa mpaka zinang'aa, kisha napitisha alkoli ya farmasi. Inatembea muzuri siku moja ao mbili, kisha inarudilia, na sasa inarudilia mbio kuliko zamani. Jioni njo mbaya zaidi. Tena upande wa dirisha inasimama karibu kila mara pahali pamoja. Rafiki mumoja ananiambia nitie esanse ya magari, mwingine mafuta ya mashini ya kushona. Sasa munisaidie: reli zimekufa? Ninunue mpya? Huku hazipatikane, lazima zitoke Ulaya, na bei yake inaogopesha."

Ndugu yangu, jambo, na asanti juu umeandika vitu vyote bila kuficha, hata kile cha msasa. Nianze na ile inayokuumiza roho: reli hazijakufa. Usinunue kitu bado. Mi nasoma barua yako naona shida tatu tofauti zimefungwa mu mfuko mumoja, na we unazipiga zote na dawa moja, njo maana hazitoki. Kuko uchafu wa kweli wa reli na magurudumu. Kuko pale pa dirishani, ile haina uhusiano na uchafu, ao kidogo tu. Na kuko ile ya jioni, ambayo nafikiri haitoki hata mu treni yako. Nitazifuata moja moja lakini uchafu utachukua sehemu kubwa, juu hapo njo watu wengi wanajipoteza.

Watu wanafikiri reli inachafuka sawa vile kabati inachafuka: vumbi inashuka, unapangusa, basi. Vumbi iko, sikatae, tuko Lubumbashi, tunaijua ile vumbi nyekundu. Lakini pangusa reli yako na kitambaa cheupe kisha uangalie rangi. Si nyekundu. Ni nyeusi, nyeusi ya masizi kabisa. Vumbi yetu haina rangi ile, sasa ile nyeusi imetoka wapi? Imetengenezwa pale pale juu ya reli, na treni yenyewe.

Iko hivi. Treni yako inakula kuran, ni kusema umeme, kupitia magurudumu: reli ya kushoto inaleta, reli ya kuume inarudisha, na mota iko katikati. Sasa gurudumu na reli, ukiangalia kwa macho unaona vimegusana, lakini kwa kweli vinagusana kwa kinukta kadogo sana, kadogo kuliko kichwa cha sindano. Lokomotivu ya kweli, ile unaisikia ikipita usiku kwenda Likasi na Kolwezi, ina uzito wa makumi ya tani, ikikanyaga uchafu inausaga. Ya mtoto wako ina gramu mia mbili, mia tatu hivi, haiwezi kusaga kitu. Basi ikipita juu ya kakitu kadogo, chembe ya vumbi ao tone ya mafuta, gurudumu inanyanyuka kidogo sana, hata unywele hauingie, na kuran inakatika. Lakini mota haipendi kukatwa. Ile waya imezungushwa ndani yake inalazimisha kuran iendelee, na kuran inaruka hewani. Cheche. Zima taa ya nyumba usiku, treni ikitembea utaziona, zile za rangi ya buluu chini ya magurudumu. Watoto wanazipenda. Mi nikiziona nasikia vibaya, juu kila cheche inachoma kila kitu kilichoko pale, mafuta, vumbi, hata metali yenyewe kidogo, na majivu yake njo ile nyeusi yako. Ile nyeusi inazuia gurudumu kugusa muzuri, basi cheche zinaongezeka, basi nyeusi inaongezeka. Umeelewa sasa kwa nini inarudilia yenyewe, hata kama umefunga nyumba siku nzima.

Na hapa njo msasa unaingia. Unaposugua na papye ya vere, ule msasa wako, kweli unaondoa nyeusi, na siku ile treni inatembea vizuri, ndiyo maana unaendelea kuamini. Lakini umeacha mistari. Chukua lupa uangalie, utaona reli iko sawa shamba la viazi, matuta na mifereji. Gurudumu sasa inatembea juu ya matuta tu, inagusa pahali padogo kuliko zamani, cheche zaidi, na masizi yanaingia mu mifereji ambamo kitambaa hakifiki. Juma inayofuata unasugua tena, mifereji inaongezeka. Umeniandikia mwenyewe: "inarudilia mbio kuliko zamani". Si baridi ya usiku, si uzee wa treni. Ni msasa. Nakuambia bila kukulaumu, juu hata mimi nilifanya vile miaka mingi, na nilimfundisha mtu mwingine afanye vile, na ile inaniuma mpaka leo juu reli zake zilikuwa za chuma zenye kupakwa ngozi nyembamba, ile ngozi ikatoka yote, zikashika kutu, akazitupa.

Ile inanileta ku kitu cha kufanya mbele ya vyote, hata leo usiku: tafuta sumaku. Spika iliyokufa iko nayo moja ndani. Igusishe juu ya reli. Ikinasa, reli zako ni za chuma, na basi maji na msasa ni adui yake kabisa, juu kutu ya chuma haipitishi kuran. Isiponasa na reli ina rangi ya manjano, ni braso, inafanya kazi lakini inashika oksidi mbio, utaisafisha mara nyingi kuliko zile za rangi ya feza. Isiponasa na ina rangi ya feza, una bahati: ni ile Waingereza wanaita nikeli-silva, na Wafaransa mayeshori. Jina la silva lisikudanganye, feza haimo hata gramu moja. Ni shaba, nikeli na zinki. Shaba na zinki, vitu vya mugodi wa Kipushi pale, kilometa 30 tu na wewe. Metali hii inakaa safi muda mrefu zaidi, haina kutu, na mikwaruzo yake inaweza kutengenezwa. Barua yako inasema zinang'aa baada ya kusugua na hausemi kitu juu ya kutu, kwa hiyo nafikiri ni hii, lakini sumaku ndiyo itasema.

Sasa magurudumu. Haukuyataja hata mara moja mu barua nzima, na mi ningekuwa nyumbani kwako ningeanza na yale. Unasafisha reli Jumamosi, kisha unaweka juu yake lokomotivu mbili na mabehewa kumi na moja ambayo magurudumu yake hayajasafishwa tangu baba mdogo yuko Ubelgiji. Mabehewa kumi na moja, kila moja magurudumu manne ao manane, hesabu mwenyewe. Ni sawa na kupiga sakafu deki kisha watu wanaingia na viatu vya matope. Geuza behewa moja uangalie: kama magurudumu ni ya plastiki, utaona mukanda mweusi umeganda kuzunguka gurudumu, mugumu, unaweza kuukwangua na ukucha. Plastiki inaokota uchafu na kuutandika tena juu ya reli yote, mita kwa mita. Kwangua na kijiti cha mbao, ile ya kuchokonoa meno ama kipande cha mwanzi, hapana kisu, kisu kinaacha alama. Kisha maliza na kitambaa. Kama siku moja utapata mutu anatoka Ulaya na una dola kidogo, usimutume reli, mutume magurudumu ya metali ya mabehewa. Faida yake utaiona kuliko reli mpya.

Lokomotivu zinahitaji uvumilivu zaidi. Nyingi za bei ya chini za miaka ya 70 na 80 zinakula kuran kwa namna ya ubahili: bogi moja (kile kigari cha magurudumu chini ya lokomotivu) inachukua ku reli ya kushoto peke yake, bogi ya pili inachukua ku reli ya kuume peke yake. Maana yake lokomotivu nzima inaishi juu ya magurudumu mawili upande huu na mawili upande ule. Moja tu ikiwa na uchafu, umebaki na moja. Njo maana treni za zamani zinakwama pahali ambapo treni mpya, yenye kuchukua kuran ku magurudumu yote manane, inapita tu. Si kosa yako, iliumbwa vile. Kuzisafisha, lalisha lokomotivu miguu juu, ndani ya kitambaa kilichokunjwa ama kipande ya godoro uliyokata tundu, chukua nyaya mbili kutoka ku transfo, gusisha kila moja ku bogi yake mpaka mota izunguke polepole, na mtoto anashika kijiti cha pamba cha masikio kikavu, anakigusisha ku gurudumu inayozunguka. Pamba itakuwa nyeusi mara moja. Badilisha, endelea. Uchafu unaobaki, chomoa transfo kwanza, kisha utoe na pamba iliyolowa kidogo dawa nitakayokutajia, mpaka itoke nyeupe. Bogi isiyo na mota utaizungusha na kidole. Na uangalie vizuri: kuko magurudumu yenye kuvaa kalastiki keusi, kapete ka mpira, ili yasiteleze. Hapo usiguse na dawa, mpira unavimba na kutoka. Pangusa na kitambaa kikavu tu. Kama ule mpira umeshakuwa mugumu na kupasuka, wenyewe pia unaacha makombo juu ya reli, na siku moja utatafuta mwingine.

Dawa gani basi? Hapa watu wanabishana sana na nitakuambia ninavyoona mimi. Alkoli ya farmasi si sumu ya reli, lakini angalia chupa: kama imeandikwa 70, basi karibu sehemu tatu mu kumi ni maji, na maji ni mabaya kwa reli ya chuma. Ile ya 90 ni bora. Tena kama ina rangi, wameiongezea kitu, na kile kitu kinaweza kubaki juu ya reli. Halafu alkoli inakauka mbio sana: inalainisha masizi, na mbele kitambaa hakijayabeba imeshapotea, masizi yamebaki yametandikwa, membamba, hauyaoni. Mi natumia waiti spiriti, ile wanauza ku kenkayeri (duka la vifaa) pamoja na rangi za ukuta. Inaondoa grisi na masizi vizuri, inakauka polepole, na unapata wakati wa kupangusa. Watu wengi wa treni ndogo wameiacha alkoli, wanasema reli inakaa safi muda mrefu zaidi, na mi niliona vile vile ku meza yangu. Ukikosa waiti spiriti, mafuta ya taa safi yanafanya kazi ile ile, yale sisi huku tunaita petroli. Nasema wazi juu majirani zetu wa Tanzania na Kenya wakisema petroli wanataka kusema esanse, na hapo kosa moja inaweza kuchoma nyumba.

Esanse, hapana. Haina mjadala. Mvuke wake unatambaa chini ya meza na unangoja cheche, na mimi nimetoka kukuambia kwamba treni yako ni mashini ya kutengeneza cheche. Huyo rafiki anakupenda lakini usimusikilize. Hata waiti spiriti na mafuta ya taa, unatia kidogo ku kitambaa, hapana ku reli, transfo ikiwa imechomolewa, dirisha wazi, mbabula ya makala iko mbali nje, na unangoja mpaka imekauka kabisa mbele ya kurudisha kuran. Na dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile asetoni, usiileta karibu: inayeyusha traversi za plastiki, zile fito zinazobeba reli, mbele ya macho yako. Pamba ya chuma ya kusugulia sufuria pia hapana, nyuzi zake ndogo zinavutwa na sumaku ya mota, zinaingia ndani na kuchoma mota.

Kuhusu mafuta ya mashini ya kushona, naelewa wapi rafiki alisikia ile. Kuko watu Ulaya wanapaka filamu nyembamba sana ya mafuta juu ya reli na wanafurahi, cheche zinapungua kweli. Lakini wale wanaishi mu nyumba zenye tapi (zulia) na madirisha yenye vioo viwili. Huku mwezi wa nane, mafuta na vumbi yetu ni sawa unga na maji, kufikia jioni una matope, na zaidi ya hapo lokomotivu inateleza. Mafuta yale weka tone moja, kweli moja, ku ekseli na ku gia za lokomotivu, mara moja mu miezi mingi. Yanayozidi yanashuka ku gurudumu na kurudi ku reli.

Tengeneza basi ile mikwaruzo, kama sumaku haikunasa. Tafuta papye ya maji, msasa laini sana, ile mafundi wa rangi ya magari wanatumia, namba 1000, kisha 2000. Ifunge ku kipande ya mbao bapa, ilowe na waiti spiriti, pitisha kwa urefu wa reli, hapana kwa kukata, mara chache tu na 1000 mpaka mistari mikubwa imepotea, kisha 2000. Pangusa. Kisha njo kazi yenyewe: chukua rondele (washa) ya inoksi, ile chuma isiyoshika kutu, ao mgongo wa kijiko cha inoksi, kandamiza juu ya reli na uisukume mbele nyuma, kwa nguvu, kipande kwa kipande. Hapo hauondoi metali, unailaza, matuta yanafunga mifereji. Utasikia chini ya mkono reli inabadilika, mwanzo inakwaruza, kisha inateleza sawa kioo. Kwa meza ya mita 3 inaweza kula Jumamosi mbili na mikono itauma, sikufiche. Maliza na waiti spiriti na kitambaa cheupe mara mbili tatu mpaka hakuna alama. Baada ya pale msasa uufungie mu kabati. Reli iliyolazwa vizuri, kupangusa kwake ni kitambaa tu.

Kuko na grafiti pia. Baada ya kusafisha, watu wanapaka kidogo sana ya grafiti safi, kile kijiti cha wachoraji, ku ukingo wa ndani wa juu wa reli, mara moja kila reli. Grafiti inapitisha kuran na inatuliza cheche. Inasaidia, nimeona. Lakini kalamu ya shule ya kawaida ina udongo ndani, usiitumie, na kama meza yako ina mupando, usipake pale, treni itashindwa kupanda. Kama hauipati, wala usihangaike, kazi yote iko ku magurudumu na ile rondele.

Sasa dirishani. Treni yenye kukwama kila pahali kwa bahati, ni uchafu. Treni yenye kukwama pahali pamoja, ni waya. Wewe umesema mwenyewe, pahali pamoja. Reli zako zimeungwa na eklisi, zile vipande vidogo vya kuteleza ndani, na kila eklisi ni mlango ambao kuran inapita. Miaka arobaini, zimefunguliwa na kufungwa mara ngapi, zimelegea, ndani kumeingia oksidi, na upande wa dirisha jua linapiga mchana na baridi ya mwezi wa sita usiku, metali inaongezeka na kupunguka. Reli ya mita 5 kutoka asubuhi ya digri 8 mpaka saa nane ya digri 28 inarefuka karibu milimeta moja na nusu. Inatosha kulegeza.

Kujua bila kubahatisha, enda ku wauza vipande vya pikipiki, nunua balbu ya volti 12, wati 5, ile ya taa ya nyuma. Iunge nyaya mbili. Fungua transfo mpaka mwisho, bila treni, gusisha nyaya ku reli mbili karibu na transfo: itawaka sana. Tembea nayo meza yote, eklisi kwa eklisi. Pale inapofifia, mlango mubovu ni ule uliotoka kuruka. Kama una multimetri, pima volti balbu ikiwa inawaka, juu bila mzigo multimetri itakudanganya, itakuonyesha 12 hata ku eklisi mubovu. Ukiona 12 hapa na 8 kule, umepata mwizi wako. Kwa muda mfupi, bana eklisi polepole na pinsi. Dawa ya kweli ni kusude, ni kusema kulehemu, waya mbili chini ya kila kipande cha reli, ama kila mita moja hivi, zirudi zote ku transfo. Hapo eklisi inabaki kushika reli tu, kuran haipitie kwake tena. Usisude eklisi zote pamoja ukafunga kila pengo, reli ikirefuka itajipinda. Na feri ya kusude iwe ya moto sana na ikae sekunde chache tu, na kitambaa chenye maji kila upande, juu feri baridi yenye kukaa muda mrefu njo inayeyusha traversi.

Jioni. Hapa hata rondele haiwezi. Kuran ya SNEL, kampuni yetu ya umeme, mu vitongoji vingi inashuka saa ya kupika, kila mutu amewasha resho (jiko la umeme), na transfo yako haina akili ya kurekebisha: ikipewa 220 inatoa 12, ikipewa 170 inatoa 9 na kidogo. Kwa volti 9 mota inatembea bila nguvu, na uchafu ambao mchana ungepita, jioni unasimamisha. Angalia sindano ya regilateri ya frigo yako, kile kisanduku cha kutuliza volti, kama unayo, saa tisa na tena saa moja ya jioni, utajua. Kama njo hivyo, pitisha transfo ndani ya regilateri ile ile. Usiiweke ku konvertiseri (inayogeuza kuran ya batri) ya bei ya chini bila kuiangalia, nyingine zinatoa kuran mubaya ambayo transfo za zamani zinalia nayo na kupata moto.

Na mara treni imesimama kuchezewa, funika. Shuka ya zamani inatosha, ama plastiki. Mbele ya kupitisha dawa yoyote, vumbi itoke kavu kwanza na burashi laini, juu ukilowesha vumbi unapaka rangi. Moshi wa makala unabeba mafuta ya chakula, unalala juu ya reli, kwa hiyo kama meza iko karibu na jikoni, tafuta kona ingine. Halafu muache mtoto acheze! Reli ambayo treni inapita kila siku inakaa safi kuliko ile inayolala miezi.

Kuko vitu ambavyo nakuomba usifanye peke yako kwa kunisoma. Transfo ya miaka ya 80 ina 220 volti ndani yake na waya wa mpira ambao mara nyingi umekauka. Kama waya umepasuka, kama sanduku linapata moto mpaka mkono hauwezi kukaa, kama linanuka ao linalia kwa sauti kubwa, chomoa, na uipeleke ku fundi wa elektroniki mwenye kuaminika, mtoto asiiguse mpaka irudi. Vile vile kama transfo inakata kila mara treni inapofika ku egiyaji moja (pale reli zinapogawanyika), ile ni reli mbili zinagusana, si uchafu, na mtu anatakiwa kuja kuangalia kwa macho. Mota inayonuka kuchomeka, usiilazimishe, pengine ni karboni zake tu, vile vipande vinavyopeleka kuran ndani ya mota, zimeisha, kitu kidogo, lakini ukilazimisha waya wa ndani unaungua na hapo ni kwisha. Na hii uisikilize sana: waiti spiriti na mafuta ya taa usiyatie hata siku moja mu chupa ya maji ao ya sukari. Mtoto wa jirani akinywa, musimutapishe, musimupe maziwa, munakimbia hospitali mara moja na chupa mkononi, juu yale mafuta hatari yake kubwa ni kuingia mu mapafu wakati wa kutapika.

Basi anza na sumaku leo, kesho geuza mabehewa, na Jumamosi badala ya msasa, tembea na balbu. Niandikie namba mbili: volti karibu na transfo na volti pale dirishani, balbu ikiwa inawaka. Na uniambie lokomotivu zako zinachukua kuran ku magurudumu mangapi, utayaona, yale yenye kasahani kembamba ka shaba kanagusa nyuma ya gurudumu. Nikizijua zile nitaweza kukuambia kama inafaa kumuongezea lokomotivu moja waya kutoka ku behewa la nyuma yake, ni kazi ya saa moja na feri ya kusude, na binti yako anaweza kukushikia reli.